Kusafiri kisiwa hadi kisiwa kwa tanga wakati hali ya hewa haijatulia

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Utabiri ulisema noti 12, mbona wingu limekuja na noti 35? Nipunguze tanga lini? Nikifika mlangoni mwa mwamba (pengo la kupitia kuingia kisiwani) jua limeshazama, niingie? Nanga ilishika vizuri jioni, kwa nini usiku imeburura? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata safari yenyewe, kuanzia siku moja kabla ya kung'oa nanga hadi chombo kinapolala kisiwa cha pili.

Umeandikwa kwa anayejua tayari kutweka tanga, kupiga bisho (kwenda kinyume cha upepo kwa mikato) na kutia nanga siku ya hewa nzuri, mwenye chombo cha mita 9 hadi 12 chenye mlingoti mmoja, tanga kuu, tanga la mbele na injini ndogo ndani. Safari zenyewe ni za kutwa, maili 15 hadi 50 za bahari. Noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, yaani kilomita 1.852.

Shika hili kwanza. Hewa isiyotulia katika tropiki kwa kawaida ni mawingu makubwa yanayopita moja moja, kila moja na upepo wake, mvua yake na pengine radi yake, kwa robo saa hadi saa moja. Chombo kizima, chenye tanga dogo na bahari ya kutosha pembeni, kinayavuka. Kinachovunja vyombo ni mwamba, na watu hufikishwa mwambani na haraka, na giza, au na nanga iliyotiwa pasipo nafasi ya kuzunguka. Kila hatua hapa chini inalinda vitu viwili: mwanga wa mchana na nafasi.

Kimbunga ni habari nyingine kabisa. Atlantiki ya kaskazini msimu wake ni Juni hadi Novemba. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi na Pasifiki ya kusini ni Novemba hadi Aprili. Pasifiki ya kaskazini-magharibi hupata vimbunga mwezi wowote. Pakitangazwa kimbunga katika eneo lako, usisafiri kwa mwongozo huu. Tafuta maficho na ukae.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Tanga kuu lenye mikunjo (hatua za kulipunguza) isiyopungua miwili, mitatu ni bora, na kamba za kukunjia zikiwa zimepitishwa tayari. Mkunjo usio na kamba yake ni kama haupo.
- Nanga kuu ya kilo 15 hadi 20 kwa chombo cha mita 10 au 11, na mnyororo wa milimita 8 au 10, mita 50 hadi 60. Uwe na alama ya rangi kila mita 10.
- Nanga ya pili ya kilo 10 hadi 12, mnyororo mita 10 na amari (kamba ya nanga) ya nailoni mita 50. Ihifadhiwe mahali unapoweza kuitoa kwa dakika mbili. Chini ya mizigo yote haikusaidii.
- Kamba ya nailoni ya kupunguza mshtuko wa mnyororo, milimita 12 hadi 14, urefu mita 8 hadi 10, na ndoano yake.
- Jaketi la kuokolea na mkanda wa kujifunga kwa kila mtu, pamoja na kamba ngumu iliyonyooshwa sitahani toka tezi (nyuma) hadi omo (mbele) ya kuunganishia mkanda huo.
- Redio ya VHF ya chombo na nyingine ya mkononi, na boya la kuita msaada kwa setilaiti la masafa ya 406 MHz, lililosajiliwa kwa jina la chombo chako.
- GPS mbili zisizotegemeana, chati ya karatasi ya eneo, dira ya mkononi, kipimahewa, na miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji. Miwani hii ni kifaa cha kuongozea chombo. Bila hiyo huwezi kusoma rangi ya maji mwambani.
- Vipuri vya injini: pankeni ya mpira (gurudumu la meno linalosukuma maji) ya pampu ya maji ya bahari, mkanda, chujio mbili za dizeli. Pampu ya mkono ya ngama (maji yanayokusanyika chini ndani ya chombo) na ndoo mbili imara.
- Vizibo vya mbao vyenye ncha kwa kila tundu la chombo lililo chini ya maji, kila kimoja kikiwa kimefungwa kwa uzi karibu na tundu lake.
- Maji ya kunywa na kupikia lita 4 kwa mtu kwa siku, ya siku tano hata kama safari ni ya kutwa.

Hatua ya 1: Siku moja kabla, soma hewa

Angalia utabiri wa mifumo miwili tofauti, kwa mfano ule wa Ulaya (ECMWF) na ule wa Marekani (GFS). Ikikubaliana, unaweza kuamini upepo wa jumla. Ikitofautiana kwa zaidi ya noti 8 au kwa robo ya dira, subiri siku nyingine.

Ujue pia kile ambacho mifumo hii haikioni. Inaigawa bahari katika miraba yenye upana wa kilomita kadhaa, mingine zaidi ya 20, na wingu la dhoruba fupi linaweza kuwa dogo kuliko mraba mmoja. Ndiyo maana utabiri wa noti 12 na wingu la noti 35 vinaweza kuwa kweli siku moja. Badala ya kutafuta wingu kwenye utabiri, tafuta mazingira yanayolizaa: fungua ramani ya CAPE, kipimo cha nguvu ya hewa kupanda juu. Ikizidi jouli 1,000 kwa kilo, tarajia mawingu ya radi hapa na pale. Ikizidi 2,500, bakia nangani.

Kisha kipimahewa. Katika tropiki kinapanda na kushuka chenyewe mara mbili kwa siku, kama milibari 3: kilele ni karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini kabisa ni saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Kwa hiyo usilinganishe asubuhi na jioni. Linganisha saa hii na saa hii ya jana. Kikiwa chini ya jana kwa milibari 3, kuna jambo linakuja, ahirisha. Kikiwa chini kwa 5, fanya kama kimbunga kiko karibu, utabiri useme usiseme.

Wengi huona alfajiri imechafuka wakadhani siku nzima itakuwa hivyo. Juu ya bahari wazi mawingu mengi ya mvua hukomaa usiku wa manane hadi alfajiri, yakaisha jua likipanda. Juu ya visiwa vikubwa vyenye milima mambo ni kinyume chake: asubuhi safi, alasiri radi. Angalia mahali ulipo kwa siku mbili tatu, utauona mpangilio wake.

Hatua ya 2: Panga njia kwa kuanzia mwisho

Usianze na saa ya kuondoka. Anza na saa ya kufika.

1. Andika saa ya mwisho ya kuwa mlangoni mwa mwamba. Isipite saa 9 alasiri. Jua likishuka zaidi, mng'ao unaficha matumbawe. Tropiki nayo haina machweo marefu. Jua likizama, nusu saa baadaye ni giza.
2. Angalia mlango umeelekea wapi. Ukiingia ukielekea magharibi, jua la alasiri litakuwa machoni, basi uwe umefika kabla ya saa 6 mchana. Ukiingia ukielekea mashariki, saa 6 hadi saa 9 ndiyo nzuri, na mapema asubuhi ndiyo mbaya.
3. Gawa umbali kwa noti 4, hata kama chombo chako hukimbia 6. Maili 32 ni saa nane. Ukitaka kuwa mlangoni saa 8 mchana, unaondoka saa 12 asubuhi.
4. Tia alama mahali pa kuamua, pasipite nusu ya njia. Katika mfano huu, saa 4 asubuhi uwe umeshakata maili 16. Ukiwa hata 12 hujafikisha, geuka. Maili 20 zilizobaki kwa noti 3 ni karibu saa saba, utafika karibu saa 11 jioni, mng'ao umeshaficha matumbawe; kurudi maili 12 kwa mwendo huo huo ni saa nne, na mlango wa nyumbani unaujua.
5. Tafuta angalau bandari moja ya kukimbilia njiani, iwe inaingilika kwa upepo wa pande nyingi.
6. Chora njia mbali na mwamba ulio chini ya upepo, yaani upande upepo unakoelekea. Acha maili 5. Injini ikizimika na tanga likichanika, chombo kitasukumwa kwa noti 1 au 2, na maili hizo ndizo saa zako za kurekebisha mambo.

Usisahau milango ya bahari kati ya visiwa viwili vya milima. Upepo unabanwa hapo na kuongezeka, na mkondo ukiupinga, mawimbi yanakuwa mafupi na wima. Panga kuivuka maji yakiwa yamesimama au mkondo ukienda na upepo. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo ni mkali zaidi. Kama una uhuru wa kuchagua, safiri siku za maji mafu. Nyuma ya kisiwa kirefu cha mlima nako kuna mtego wake: shwari, kisha upepo unaporomoka bondeni kwa kishindo. Usikunjue tanga kwa sababu ya shwari hiyo.

Chati za visiwa vya mbali nyingine zilipimwa zamani, na nafasi ya mwamba inaweza kutofautiana na GPS kwa mamia ya mita. Pakua picha za setilaiti za kisiwa unakokwenda uwe nazo bila mtandao, uzilinganishe na chati kabla hujaondoka.

Hatua ya 3: Andaa chombo na watu jioni ya kuamkia safari

Funga kila kitu kana kwamba chombo kitalazwa ubavu. Jaribu pampu ya ngama. Washa injini dakika kumi na uangalie maji yanatoka kwenye bomba la moshi. Pandisha boti ya mpira sitahani. Kuikokota kwenye dhoruba ni kuipoteza, au kamba yake kujizungusha kwenye rafadha (panga la injini).

Wape watu kazi kwa majina: nani usukani, nani henza (kamba ya kupandishia tanga), nani kufunga mifuniko. Anayechafukwa na bahari anywe dawa yake usiku huo au saa moja kabla ya kuondoka, maana akishaanza kutapika haitakaa tumboni.

Hatua ya 4: Ondoka na tanga limeshakunjwa

Siku ya mawingu makubwa, tweka tanga kuu likiwa na mkunjo wa kwanza tangu nangani, hata kama upepo ni noti 10. Kukunjua baharini ni rahisi. Kukunja wakati wingu limeshafika ndiko kunakovunja vidole. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo wake: kutoka noti 15 hadi 30, tanga lile lile linabeba nguvu mara nne.

Vipimo vya kuanzia, kwa upepo unaousikia sitahani: mkunjo wa kwanza noti 16, wa pili noti 22, wa tatu noti 28. Tanga la mbele lipunguzwe sambamba na hilo. Chombo kikilala zaidi ya nyuzi 20 na usukani ukianza kukuvuta mkono, umechelewa.

Utaratibu wa kukunja, ufanye nangani mara kadhaa hadi uufanye gizani:

1. Peleka chombo karibu na upepo, bado kikitembea.
2. Legeza demani (kamba ya kuongozea tanga) ya tanga kuu hadi tanga lipepee nusu.
3. Teremsha henza hadi alama uliyoitia kwa wino, usibahatishe.
4. Ingiza pete ya mbele ya mkunjo kwenye ndoano yake.
5. Kaza henza kwanza, sana. Hapo ndipo wengi hukosea: wanavuta kamba ya nyuma kabla ya henza, na tanga linachanika penye pete.
6. Vuta kamba ya nyuma hadi pete ikae juu ya boriti (mti wa chini ya tanga kuu).
7. Kaza demani, rudi kwenye majira (uelekeo) yako.

Hatua ya 5: Soma mawingu njiani

Kila dakika kumi, mtu mmoja azungushe macho upeo mzima, hasa upande wa juu ya upepo, unakotoka upepo. Wingu la kuogopa lina tako jeusi lililonyooka, na chini yake pazia la mvua linaloficha upeo. Mstari mweupe wa povu ukionekana majini chini ya wingu, upepo umeshafika pale, na una dakika chache tu. Usiku, tazama nyota zinazopotea kutoka chini kwenda juu.

Lipime kwa dira ya mkononi. Chukua uelekeo wa katikati ya wingu, rudia baada ya dakika tano. Uelekeo ukihama waziwazi, wingu linapita pembeni. Ukibaki ule ule na wingu likikua, linakuja kwako. Chombo chenye rada kiwekwe masafa ya maili 12. Mvua inaonekana vizuri, na unaweza kupima umbali wake kila dakika chache.

Kulikwepa wingu inafaa tu ukiwa umeanza mapema. Kata kupita nyuma yake. Mbele ndiko upepo mkali unakoporomokea.

Hatua ya 6: Wingu likiwa maili mbili

Wingu linalokuja kwa noti 15 hadi 20 linamaliza maili mbili kwa dakika sita hadi nane. Fanya kwa mpangilio huu.

1. Kila aliye juu ajifunge mkanda. Watoto na wasio na kazi washuke ndani.
2. Kunja tanga kuu hadi mkunjo wa pili au wa tatu. Usisubiri kuona upepo una nguvu gani.
3. Kunja tanga la mbele, bakiza kipande cha ukubwa wa mlango.
4. Funga mifuniko na madirisha yote. Washa taa za chombo.
5. Andika nafasi yako ya GPS na majira ya dira salama, yale yasiyo na mwamba mbele. Mvua ikishuka unaweza usione mita 100.
6. Hakikisha hakuna kamba inayoning'inia majini, kisha washa injini, gia ikiwa katikati.

Upepo wa kwanza hutoka winguni, si unakotoka upepo wa siku, hivyo unaweza kugeuka nyuzi 30, 60 au zaidi kwa dakika moja. Una njia mbili, uchague kabla haujafika.

Kama chini ya upepo pana maili 5 na zaidi za bahari safi, tua tanga kuu lote, geuza shetri (nyuma ya chombo) upande wa upepo na ukimbie na kile kipande cha mbele. Kwa noti 7 nusu saa ni maili tatu na nusu, ndiyo sababu ya zile 5. Ni njia nyepesi kwa watu na chombo, ingawa inakuweka ndani ya wingu muda mrefu zaidi, kwa kuwa unakwenda nalo.

Kama chini ya upepo kuna mwamba, usikimbie. Shikilia bisho na tanga kuu dogo, demani mkononi, injini polepole mbele. Upepo ukizidi, legeza demani kidogo; usiiachie yote, tanga litapiga hadi lichanike.

Kosa la hatari ni kukimbia na tanga kuu likiwa limetandazwa bila kamba ya kuizuia boriti. Upepo ukigeuka, boriti inavuka sitaha kwa nguvu ya kuua mtu.

Kuhusu radi: hesabu sekunde kati ya mmweko na ngurumo, kila sekunde 3 ni kilomita moja. Ikiwa chini ya kilomita 10, chomoa antena na nyaya za vifaa, tia GPS na redio ya mkononi ndani ya jiko la chuma la kuokea, na mtu asishike mlingoti wala waya zake. Kaa hivyo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Hatua ya 7: Wingu likishapita

Upepo unaweza kufa kabisa na mawimbi yakabaki yakikupeleka mrama. Usikimbilie kukunjua tanga. Subiri dakika 20 huku ukitazama upande wa juu ya upepo, maana mawingu haya hupenda kuja kwa foleni. Tumia injini kama inahitajika. Hakiki nafasi, kagua ngama, angalia pete na mishono ya tanga, wape watu maji. Halafu fanya hesabu ya saa upya: bado utafika mlangoni kwa wakati?

Hatua ya 8: Kuingia mlangoni

Tua matanga au bakiza tanga kuu tu, injini ikiwa inafanya kazi, nanga tayari kuangushwa. Mtu mmoja asimame juu iwezekanavyo, omoni au kwenye mlingoti, amevaa ile miwani, akionyesha kwa mkono. Apigaye kelele hasikiki. Kubalianeni ishara kabla.

Rangi zisomwe hivi. Buluu nzito ni kina kirefu. Buluu iliyofifia hadi kijani ni mita 5 hadi 10 juu ya mchanga. Kijani cheupe ni maji mafupi, punguza mwendo. Kahawia au manjano ni matumbawe karibu na uso wa maji, kaa mbali. Kivuli cha wingu na majani ya bahari hufanana na mwamba. Kivuli kinatembea, mwamba hautembei. Wingu likifunika jua ukiwa nje ya mlango, zunguka ungojee lipite. Ni dakika kumi tu, na ndizo dakika muhimu kuliko zote za siku.

Mlango mwembamba uingie maji yakiwa yamesimama, au mwanzo wa kujaa. Maji yanayopwa kwa nguvu dhidi ya upepo unaoingia huinua mawimbi mlangoni kiasi cha kutokuweza kuongoza chombo. Ukiyaona yamesimama wima, baki nje.

Jua likizama hujaingia, usiingie. Simamisha chombo baharini, angalau maili 5 toka mwambani na upande ambao hutasukumwa kuuendea: pindua kama unabadili upande wa bisho lakini usifungue demani ya tanga la mbele, liache livutwe juu ya upepo, tanga kuu liwe na mikunjo, geuza usukani kana kwamba unapeleka omo upeponi na uufunge hapo. Chombo kitatulia na kusogea noti 1 hadi 2. Wekeni zamu, ngojeni asubuhi.

Hatua ya 9: Kutia nanga kwa kuwaza upepo utakaogeuka

Wanaoanza hutia nanga kwa upepo wa jioni ile. Wingu la usiku huleta upepo wa upande wa pili, na chombo kilichokuwa kimekingwa na kisiwa kinajikuta na mwamba nyuma yake.

1. Zunguka polepole mahali unapotaka, ukipima kina duara zima. Tafuta mchanga; usitie juu ya matumbawe. Unayaua, na mnyororo unajifunga humo.
2. Piga hesabu ya mnyororo: kina, jumlisha urefu wa omo toka majini, jumlisha maji yatakayojaa. Mita 6, na 1, na 2 ni 9. Mara 5 ni mita 45. Usiku wa mawingu toa mara 7, mita 63, na kama ni amari zaidi kuliko mnyororo, hata mara 10. Mnyororo wako usipotosha, sogea kwenye kina kifupi zaidi.
3. Jumlisha mnyororo na urefu wa chombo. Mita 45 na 11 ni 56. Kila upande wa nanga, nyuzi 360 zote, mita hizo zisiwe na mwamba wala chombo kingine.
4. Shusha nanga chombo kikiwa kimesimama, kisha rudi nyuma taratibu ukiachia mnyororo. Usiumwage rundo moja.
5. Rudisha injini nyuma kidogo kidogo hadi mizunguko 1,800 au 2,000 kwa dakika, ukae hapo sekunde 30. Tazama alama mbili za nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja, mti na jiwe kwa mfano. Zikiachana, nanga inaburura, anza upya.
6. Funga ile kamba ya nailoni kwenye mnyororo, achia mnyororo ulegee, kamba ndiyo ibebe mvuto.
7. Maji yakiwa safi, zama uione nanga. Iwe imezikwa, iliyolala ubavu haijashika, hata kama chombo kimetulia.

Kabla ya kulala, weka kengele ya GPS, andika majira ya dira ya kutokea nje, na uhifadhi njia uliyoingilia. Ndiyo utakayoifuata kinyumenyume ukilazimika kuondoka gizani. Redio iwe chaneli 16.

Mambo yakiharibika

*Nanga inaburura usiku.* Injini kwanza, mbele polepole kuondoa mvuto. Toa mnyororo zaidi kama nyuma kuna nafasi. Isiposhika, ing'oe na utie tena, au toka nje kwa njia uliyohifadhi. Kuangusha nanga ya pili katikati ya dhoruba mara nyingi huzaa fundo la nanga mbili.

*Injini inapata joto kupita kiasi.* Zima. Angalia kama mfuko wa plastiki au majani yameziba tundu la kuingizia maji, kisha chujio, kisha pankeni ya mpira. Jino la pankeni likikatika, litafute ndani ya bomba, maana litaziba mbele. Ukiwa karibu na mwamba, nanga chini kabla ya kufungua chochote.

*Kamba kwenye rafadha.* Weka gia katikati mara moja. Endelea kwa tanga hadi maji yaliyotulia, tia nanga, ndipo mtu azame na kisu chenye meno, injini imezimwa na ufunguo mfukoni mwake.

*Tanga la mbele halikunjiki.* Mara nyingi henza imejisokota juu au kamba ya kukunjia imepandana kwenye pipa lake. Usilazimishe kwa winchi, utavunja. Kimbia na upepo ili tanga kuu lilikinge, legeza kamba, ipange upya. Likikataa, literemshe lote sitahani.

*Mtu ameanguka majini.* Mmoja anyooshe kidole kumwelekea na asiondoe macho, hata sekunde. Tupa boya, bonyeza kitufe cha kuhifadhi nafasi kwenye GPS. Simamisha chombo kwa kukipeleka upeponi, vuta kamba zote toka majini ndipo uwashe injini. Mkaribie kwa upepo wa mbele, gia katikati mtu akiwa ubavuni, mpandishe kwa henza na winchi. Kumvuta kwa mikono mtu aliyelowa mara nyingi hakuwezekani kwa watu wawili.

*Chombo kimekwaa mwamba.* Tua matanga. Kabla ya kujinasua kagua ngama, kwa sababu chombo kilichotoboka huzama kikitolewa. Kama hakivuji, peleka nanga ya pili kwa boti ya mpira upande wa maji marefu ulikotokea, uvute kwa winchi huku watu wakiegemea ubavu mmoja ili mkuku (uti wa chini wa chombo) uinuke. Usirudishe nyuma kwa nguvu zote za injini. Usukani ndio utakaogonga. Maji yakiwa yanapwa una dakika chache. Yakiwa yanajaa, ngoja yakunyanyue, nanga ikiwa imekazwa ili usisukumwe ndani zaidi.

*Nanga imenasa kwenye matumbawe.* Usivute kwa injini upepo ukiwa mkali. Unaweza kung'oa winchi. Kaza mnyororo ukiwa wima juu ya nanga wakati omo inashuka, acha wimbi liinue. Ikikataa, zunguka polepole kinyume na upande ulikovutwa, mtu akiwa majini na miwani ya kuzamia akielekeza mnyororo umepita wapi. Kama kina kinazidi uwezo wa mzamiaji, funga boya mwisho wa mnyororo, uuachie, tumia nanga ya pili, na urudi hewa ikitulia.